Ninafundisha kwa noti za niliyemfundisha

Shikamoo Bi Mshauri,

Nina miaka 52, ni mwalimu wa kompyuta katika shule moja ya upili huku Pwani, na ninapokuandikia barua hii mke wangu yuko chumba cha pili akiamini kwamba nina hawara.

Nianze mbali kidogo. TSC, tume ya serikali ya kuajiri walimu, iliniajiri kufundisha Hisabati na Fizikia. Mwaka 2005 shule yetu ilipewa kompyuta kumi na wafadhili, zikakaa kwenye maboksi miezi mitatu kwa sababu hakuna aliyethubutu kuziunganisha. Nilizifungua mimi. Likizo ilipofika nikajilipia kozi mjini, nikarudi na cheti, na tangu siku hiyo jina langu likawa mwalimu wa kompyuta. Wanafunzi waliniita Baba Access, kwa ile programu ya hifadhidata niliyowafundisha, na hawakuwa wakinikebehi. Karatasi ya 451/2, ile ya vitendo katika mtihani wa kompyuta wa KCSE, naijua kama njia ya kisimani. Mradi wa 451/3 nimeusimamia mwaka baada ya mwaka, watoto wakitengeneza mifumo ya kuazima vitabu maktabani, ya kuuza dawa, ya kuweka rekodi za zahanati. Majedwali, mahusiano, fomu, ripoti: niamshe saa tisa usiku nikufanyie.

Januari mwaka huu wa 2026 ikaingia Gredi ya 10, ya kwanza kabisa ya mtaala wa umilisi unaochukua nafasi ya mfumo wa 8-4-4. Wanafunzi 46 walichagua kompyuta. Kidato cha Tatu na cha Nne bado ninao, na wa mwisho wao watafanya KCSE mwaka 2027, hao hawanisumbui. Lakini hii Gredi ya 10 ni bahari nyingine. Ina mitandao, na zaidi ina kuandika programu. Mafunzo tuliyopewa yalikuwa ya siku chache, na mengi yalihusu jinsi ya kupima umilisi, nani amezidisha matarajio na nani yuko mbali nayo. Kuandika programu kwenyewe tulikupita kama basi la usiku linavyokipita kituo kidogo. Shule yetu ikaamua kutumia lugha ya programu iitwayo Python.

Mwezi wa Februari nilisimama mbele ya darasa, projekta imewaka, nawaonyesha jinsi kompyuta inavyoamua kama mtu amepita mtihani au ameanguka. Mimi nililelewa na Visual Basic, lugha nyingine ya programu. Mkono ukaandika Then wenyewe, na mwisho wa yote, kama nilivyofanya maisha yangu yote, nikafunga kwa End If. Ikatokea nyekundu. Nikafuta, nikaandika tena. Nyekundu. Kijana mmoja wa dawati la mbele, aliyesoma shule ya kibinafsi Mombasa, akasema kwa upole (laiti angesema kwa jeuri!): "Tichaa, Python haina End If. Unasogeza tu mstari kwa ndani." Darasa likacheka. Nikasema stima ina matatizo, nikazima projekta.

Hapa shuleni tuna mwalimu kijana wa kike wa BOM, yaani aliyeajiriwa na bodi ya shule, analipwa shilingi 12,000 kwa mwezi. Nilimfundisha mimi. Alipata A ya kompyuta, akaenda chuo kikuu, na sasa amerudi kwao akisubiri TSC. Jioni ya siku ile nilimwomba anisaidie kidogo. Huo msaada kidogo sasa una miezi mitano. Kila Jumapili usiku ananitumia kwa WhatsApp masomo ya wiki nzima: maelezo, mifano, mazoezi na majibu yake. Nayasoma hadi saa saba, kisha Jumatatu naingia darasani nayasema kama yangu. Swali lisilo kwenye noti nalipa jina la kazi ya ziada, nikapate nafasi ya kumuuliza. Kila mwisho wa mwezi namtumia 3,000 kwa M-Pesa.

Hizo jumbe za Jumapili na hizo 3,000 mke wangu ameziona. Nilimwambia ni mchango wa chama. Hakuniambia kitu, lakini tangu hapo chakula kinawekwa mezani bila mtu kuniita.

Sasa bodi inasema haina pesa. Mwalimu mkuu ametaka kila mkuu wa idara aandike nusu ukurasa kabla ya muhula wa pili kufungwa: je, idara yako inamhitaji mwalimu wake wa BOM, na kwa nini? Naibu wake alinitania majilisini mbele ya watu, "Wewe Baba Access wa nini msaidizi?" Nikacheka nao.

Nikiandika kwamba namhitaji, hilo "kwa nini" litanivua nguo mbele ya watu ambao nimekuwa mkuu wa idara yao miaka kumi na moja. Nikiandika simhitaji, nitakuwa nimemnyima mkate binti wa watu, na mimi mwenyewe nitazama wiki inayofuata. Nimewaza kustaafu mapema, maana miaka 50 nimeshaivuka. Nimewaza pia kurudi kwenye Hisabati. Nimebakiwa na wiki mbili. Nisaidie.

Baba Access, Pwani

Bi Mshauri anajibu

Marahaba, ndugu yangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka pale penye stima, unisamehe. Mara ya pili nilikwama pale kwenye chakula kinachowekwa bila mtu kuitwa, na nadhani hapo ndipo barua yako inapoanzia hasa, ingawa wewe umeliweka jambo hilo katikati, kwa mistari mitatu.

Hebu nikurudishie nilichokisikia, unisahihishe nikikosea. Somo ulilolijenga kwa mikono yako limebadilika. Uliteleza siku moja mbele ya watoto, ukaona aibu, na ili usiteleze tena ukamwomba mwanafunzi wako wa zamani akubebe. Amekubeba vizuri, na siri imeanza kula: imekula Jumapili zako, imekula maneno kati yako na mkeo, na sasa imefika kwenye nusu ukurasa wa mwalimu mkuu. Wewe unauogopa huo ukurasa. Mimi naona ukurasa ndio mdogo kuliko vyote.

Jiulize jambo moja polepole. Mkeo anakushuku mwanamke mwingine. Ungeweza kumaliza shaka hiyo kwa sentensi moja: "Ananiandalia masomo, silijui somo jipya." Hukuisema. Ulichagua kudhaniwa mzinifu kuliko kujulikana kwamba kuna kitu hukijui. Sikukaripii. Nimefundisha shule za msingi miaka 31 na aibu hiyo naijua inavyouma, kwa sababu mwalimu hulelewa akiambiwa kwamba kutojua ni kwa upande ule mwingine wa dawati.

Nikueleze yangu. Mwaka 1985, 8-4-4 ilipoingia, nilikuwa mwalimu kijana wa Kiswahili. Ratiba ikatoka, nikapewa Sanaa na Ufundi. Niwafundishe watoto kusuka, mimi ambaye sikuwahi kushika ukili maishani! Nilijaribu wiki mbili kwa kutazama picha za kitabuni, na mikeka yetu ikawa kama nyavu zilizong'atwa na panya. Mwishowe nikamwita mama mmoja aliyekuwa akisuka mikeka ya miyaa jirani na shule, akaingia darasani, nami nikakaa chini na watoto. Nisikudanganye kwamba ilikuwa rahisi. Muhula mzima watoto walimwita yeye mwalimu na mimi wakaniita kwa jina langu, na liliniuma. Ila nilijifunza kusuka.

Na hili halijakufika wewe peke yako. Uingereza waliliondoa somo lao la ICT kwenye mtaala Septemba 2014, lile la barua, majedwali na slaidi, wakaweka somo la kompyuta lenye kuandika programu tangu utotoni. Walimu waliokuwa mabingwa wa Excel wakaamka asubuhi hawajui. Serikali yao ilichukua hadi mwaka 2018 kufungua kituo cha kitaifa cha kuwafunza upya walimu, kwa fungu la pauni milioni 84. Nchi ya pesa, na bado mwalimu alitangulia mafunzo yake kwa miaka minne! Wewe ulipewa siku chache, nyingi zikiwa za kujaza fomu za tathmini. Kwa hiyo unaposema "silijui", sikatai, lakini tafadhali usilisome kama kosa la tabia yako.

Kuna mahali pengine ninapotaka kukusumbua. Unaandika kama kwamba wote 46 wanajua kuliko wewe. Uliyemsikia ni mmoja, wa dawati la mbele, aliyetoka shule ya kibinafsi. Hao 45 wametoka wapi? Hii Gredi ya 10 ndiyo ile iliyoanza Gredi ya 7 mwaka 2023, sekondari msingi ikiwa ndiyo kwanza inafunguliwa. Kompyuta ilikuwa somo la kuchagua, na katikati ya safari masomo yakapunguzwa kutoka 14 hadi 9, kompyuta ikatiwa ndani ya somo la Pre-Technical pamoja na biashara. Shule nyingi za vijijini hazikuwa na mashine wala mtu wa kuzifundisha. Nimewahi kuona kibodi iliyochorwa kwa kalamu ya wino kwenye karatasi ya manila, watoto wakiibonyeza kwa zamu. Mtoto aliyetoka kwenye manila siku ile alicheka kwa sababu wenzake walicheka. Huenda hata sasa hajui kuhifadhi faili akalipata kesho yake. Na wewe Jumatatu unaingia na noti zilizoandikwa na binti aliyepata A, zinamfaa yule wa dawati la mbele, yule wa manila anaandika tu anachoona ubaoni.

Sasa ni nani hapo shuleni ajuaye kumshika mkono mtoto anayeiogopa mashine? Wewe ndiye uliyefungua maboksi ambayo shule nzima iliyaogopa. Tena usisahau kwamba kwenye sekondari pevu, yaani Gredi ya 10 hadi 12, stadi za TEHAMA zinatakiwa ziwafikie wanafunzi wote, hata waliochagua Sayansi za Jamii au Sanaa na Michezo, bila mtihani. Shule yako imempa nani kazi hiyo? Nauliza tu. Na hayo majedwali na mahusiano yake uliyofundisha miaka ishirini hayakufa pamoja na Access. Programu yoyote utakayoandika kwa Python itakayoweka rekodi za zahanati itakuuliza maswali yale yale: mgonjwa ni nani, amekuja lini, tunamtambuaje asichanganywe na mwenzake.

Haya, tuje kwa njia ulizozitaja.

Kustaafu. Una haki hiyo, na wapo walioichukua wakanenepa. Lakini pensheni huhesabiwa kwa miezi uliyotumikia, na unakatiza miaka minane ya mbele. Kaa na karatasi, piga hesabu kwa shilingi, na uipige na mkeo, hasira ya Februari isishike kalamu. Fikiria pia Kidato cha Tatu chako. Watakuwa wa mwisho kufanya 451 nchini. Nani atawasimamia mradi mwakani?

Hisabati. Hapa kuna heshima kamili, na kuna kazi, kwa kuwa sasa kila mwanafunzi wa sekondari pevu lazima aisome, ya msingi au ile nzito ya mkondo wa STEM, yaani wa sayansi na teknolojia. Mwalimu mkuu hatakosa pa kukuweka. Ninachotaka ujue kabla hujaenda ni kama unarudi kwa unachokipenda au unakimbia kijana wa dawati la mbele, maana na huko Hisabati mtaala umebadilika na vijana wa mbele wapo.

Kuendelea kama sasa. Inaweza kwenda muhula mmoja, miwili. Ila ukijengea nyumba juu ya mgongo wa mtu, siku akisimama huna nyumba. TSC wakimwita kesho ataondoka kwa furaha, na wewe hutaweza hata kumuaga vizuri kwa sababu hakuna ajuaye mlikuwa mnafanya kazi pamoja. Na hizo 3,000 za kila mwezi kutoka kwa mkuu wa idara kwenda kwa kijana wa kike aliye chini yake, zikisimuliwa na mdomo usio wako, sijui zitasimuliwaje. Mkeo ameshakuonyesha mfano.

Kusema. Hapa nataka tuwe waangalifu, kwa kuwa watu hupenda kuwaambia wenzao "sema ukweli" kisha wao wakalala. Kuna hatari. Mwalimu mkuu anaweza kuwa mtu wa kuelewa, anaweza pia kuwa mtu wa kukuvua ukuu wa idara na kumpa mwingine. Naibu anaweza kupata utani wa mwaka mzima. Wewe unawajua, mimi siwajui. Lakini soma tena swali uliloulizwa. Hukuulizwa "je, wewe ni mjinga?" Umeulizwa kama idara inamhitaji mwalimu yule. Unaweza kujibu kazi yenyewe: kwamba idara sasa ina masomo mawili yaliyo tofauti, la 8-4-4 mpaka mwaka 2027 na la umilisi, na hakuna mtu mmoja anayeyamudu yote mawili kwa ukamilifu, kwamba yeye ndiye mwenye ujuzi wa kuandika programu na vipindi hivyo viwekwe kwa jina lake kwenye ratiba, nawe ushike mitandao, mashine, hifadhidata na KCSE, na ukae nyuma ya darasa anapofundisha. Hapo hujakiri dhambi na hujasema uongo. Je, inatosha? Au moyo wako utataka pia uingie ofisini ukaseme mengine kwa mdomo, kabla ya mtu mwingine? Hilo sitakuamulia. Na ujue bodi inaweza kuisoma barua hiyo hiyo ikasema haya basi, binti abaki na wewe urudi Hisabati. Jiulize kama ungeweza kulala na jibu hilo.

Kuhusu darasa lenyewe sina wasiwasi mwingi. Umewahi kujaribu kumwita yule kijana ubaoni na kumwambia, "Njoo utuonyeshe unavyousogeza huo mstari"? Labda utaona aibu. Labda pia utagundua kwamba anajua kusogeza lakini hajui kueleza kwa nini, na hapo mwalimu anarudi kuwa wewe.

Ni hapa tu nitakapokusukuma. Kwa mkeo usingoje wiki mbili. Wahenga walishasema la mficha uchi, sina haja ya kukurudishia. Fungua simu, muonyeshe hizo jumbe za Jumapili, zote, pamoja na mifano ya Python ambayo nina hakika hataelewa hata moja. Huenda akakasirika zaidi kwanza, kwamba ulimwacha ateseke miezi yote hiyo kwa ajili ya kompyuta. Atakuwa na haki.

Limebaki moja ambalo sikuliona popote kwenye barua yako. Umeniambia binti huyu analipwa kiasi gani, alipata alama gani, anasubiri nini. Hukuniambia yeye mwenyewe anaonaje. Unauita msaada, na kweli wewe humlazimishi, lakini bado anakuita Mwalimu, na mwanafunzi hamwambii mwalimu wake wa zamani kwamba Jumapili zake zimekwisha. Miezi mitano amefundisha Gredi ya 10 na jina lake haliko kwenye ratiba wala kwenye mpango wa somo hata mmoja. Siku TSC wakimuuliza amewahi kufundisha somo jipya, atajibu nini? Pengine hajali. Pengine anafurahia kumlipa fadhila aliyemfungulia njia. Pengine amechoka. Kabla ya kuandika nusu ukurasa kumhusu, muulize, na umuulize mchana, majilisini, sio kwa WhatsApp Jumapili usiku.

Wako, Bi Mshauri